Amina Niliyoitikia Ndani ya Gari la Watu

Jamani, acheni nikiri mwenyewe, maana kisa hiki kimeshazunguka mitaa ya Bellevue na Yeoville yote, huku kwetu Afrika Kusini, na kila anayekisimulia huniongezea chumvi: ni kweli, mimi Bisimwa, fundi wa Bukavu, mwimbaji wa besi kwenye kwaya, baba wa watoto wawili, nilitolewa ndani ya gari la kuuzwa mbele ya kanisa zima (hapana, si zima, walikuwa watu kama ishirini) bila suruali. Suruali ndiyo wanayoicheka, na wana haki ya kucheka.

Gari lenyewe lilikuwa la Mzee Ramadhani, mtu wa Kigoma, fundi wa bodi na rangi, ambaye ua wake wa kazi ulikuwa mtaa mmoja na kibanda changu cha kushonea. Alilikuta kutu tupu nyuma ya nyumba moja pale mtaa wa Observatory, majani yameota mpaka ndani, akakaa nalo miaka sita akilifufua. La Kimarekani, la mwaka sitini na tisa, milango miwili, pua ndefu, injini ikinguruma vikombe vinahama mezani. Akalipaka rangi ya bluu ambayo ukiitazama sana unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Mimi nilipewa viti nivishonee ngozi mpya. Na ilikuwa lazima liuzwe mwaka ule wa 2017, kwa sababu binti yake Mwajuma alikuwa anaolewa Kigoma mwezi wa kumi na mbili, na Mzee alitaka akamuozeshe mwenyewe, na baba aliyepotelea Afrika Kusini miaka kumi na minne hawezi kurudi mikono mitupu siku ya harusi ya mwanawe. Safari yake yote ilikuwa ndani ya gari lile.

Mnunuzi akapatikana, Bwana Mwangi, Mkenya wa benki, anakaa Midrand kwenye estate yenye walinzi getini. Yeye aliliona mara moja tu akalipenda. Mwenye neno alikuwa mkewe, Mama Njeri, aliyesema gari zee namna hiyo nani anajua waliofia ndani yake, kwa hiyo liletwe Jumamosi likiwa limefunikwa, mchungaji aliombee kwanza, ndipo lifunuliwe, na moyo wake ukitulia watatia saini siku hiyohiyo.

Jumamosi asubuhi, uani kwa Mzee, nikamaliza mshono wa mwisho wa kiti cha nyuma. Sasa, aliyenifundisha kazi kule Bukavu alikuwa na sheria moja, kwamba kiti hukikabidhi mpaka umekilalia, si kukikalia tu, kukilalia, maana mgongo hausemi uongo. Na ngozi mpya huwezi kuilalia na jinzi yenye vifungo vya chuma, utaikwaruza, kwa hiyo nikavua suruali nikaitundika kwenye cherehani, na simu ikiwa mfukoni mwake (suruali kwenye cherehani ya fundi, nani ataishangaa?), nikaingia nyuma, nikajifunika blanketi langu la kazi mpaka kichwani, nikajiambia dakika tano. Nilikuwa sijalala vizuri siku tatu.

Jamani, kiti kile. Harufu ya ngozi, jua linaingia taratibu kupitia kioo, mwili unazama kidogo halafu unashikwa. Nikaanza kuelea. Nikamsikia Mzee kwa mbali, "Bisimwa! We Bisimwa!" na dereva wa pikapu akimjibu, "Atakuwa ameenda zake kwaya," na nikataka kuitika, naapa nilitaka, lakini mdomo ulikuwa mbali sana. Kisha dunia ikawa rangi ya maziwa (kumbe ndiyo wanalifunika turubai), nikaota nina miaka mitatu, mama amenibeba mgongoni, tunapanda njia ya Kadutu kule Bukavu, anatembea, anatembea, anasimama kusalimiana na mtu, anaendelea, anasimama tena. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kila aliposimama ilikuwa robot, taa za barabarani, na sisi tuko juu ya trela. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, sura yake siikumbuki, ila mgongo ule niliujua mara moja. Nawaambia ukweli, hata kama ningeweza kuamka nisingetaka.

Niliamshwa na harufu ya nyama choma na watu wanaimba. Kikenya. Nikachungulia chini ya blanketi, nikaona turubai limefunika vioo vyote, nikajitazama miguu, nikaelewa niko Midrand na bukta yenye picha za ndizi (zawadi ya mke wangu, msiulize). Hapo ndipo ningepiga kelele mambo yakaisha. Lakini nikasikia sauti za akina mama karibu kabisa, nikajiambia nyamaza tu Bisimwa, wataomba, wataenda kula, utatoka polepole utamtafuta Mzee.

Mchungaji akaanza. "Baba, tunaleta hii gari mbele zako! Kama kuna kitu imejificha ndani, tunaiamuru itoke!" Watu wakaitikia, wakapiga makofi, wakalizunguka gari, na mimi ndani ya mwanga ule wa maziwa nusu ya akili bado ilikuwa mgongoni mwa mama, sauti zinakuja zinaondoka, tamu kweli. Akaomba kwa muda mrefu. Mwisho akasema, "Ni katika jina la Yesu tumeomba na kuamini."

"Amina!" wakasema wote.

"Amina," nikasema na mimi.

Sikupanga! Mtu aliyelelewa kanisani, ombi likifungwa mdomo unaitika wenyewe. Na niliitika kwa besi, nyuma yao kidogo, kama tulivyofundishwa kwamba besi ndiyo inayofunga. Nikasikia mafuta ya nyama yakidondokea makaa.

"Nani amesema hivyo?" akauliza Mama Njeri.

Mchungaji akakohoa. "Wewe uliye ndani," akasema, sauti imepungua, "jina lako ni nani?"

Mchungaji akikuuliza jina, unataja. "Ni mie Bisimwa," nikasema. "Fundi ya viti. Pardon."

Sahani zilianguka, akina mama wakakimbilia ndani ya nyumba, mchungaji akarudi kinyumenyume mpaka kwenye jiko la nyama, na watoto, ambao Kiswahili wanakisikia tu, wakawa wanachekelea kwa Kiingereza na simu zao juu. Mzee Ramadhani ndiye aliyelivuta turubai. Tukatazamana kupitia kioo. Kiti cha mbele kikagoma kukunjika, mguu wangu mmoja ulikuwa umekufa ganzi, nikatoka kichwa kwanza nikaangukia kwenye nyasi za watu.

"Ngai! Hana suruali!"

"Minaomba munisamehe," nikasema nikiwa chini. "Nilikuwa napima tu kiti."

Mama mmoja akanitupia leso nijifunge (iliandikwa Mgeni njoo mwenyeji apone, mnaona mambo hayo?). Bwana Mwangi alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama Njeri, si ni fundi tu?"

Mama Njeri hakucheka. "Baba Njeri, hii gari tumeiombea, hata dakika haijaisha, imetoa mtu uchi. Mimi siingii, na watoto wangu hawaingii." Kisha akamgeukia Mzee, kwa adabu kabisa. "Pole sana, Mzee. Si kwa ubaya. Mkule kwanza ndio mrudi nayo."

"Hakuna neno, mama," akasema Mzee.

Tulirudi watatu kwenye kiti cha mbele cha pikapu, mimi katikati na leso yangu. Niliomba msamaha njia nzima, Mzee anatazama barabara, mpaka tulipofika Bellevue ndipo akasema, "Lakini kiti hakina tatizo?"

"Hakina, Mzee."

"Haya."

Gari liliuzwa mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, kwa mtu aliyekuja peke yake, akalizunguka mara moja, akalichukua. Tangu hapo nimeapa kwamba kiti cha mtu nitakipima nimekaa wima, mlango wazi, nikihesabu kwa sauti. Lakini mwezi wa pili harusi ilikuwa imeshapita.

Siku ya ndoa Mzee alikuja kibandani kwangu kwa sababu simu yangu ndiyo ilishika mtandao vizuri. Alivaa kanzu na kofia. Alikuwa amemwagiza mdogo wake kule Kigoma asimame badala yake, na tukamwona kwenye kioo cha simu, ameketi mbele ya shehe, amemshika yule kijana mkono, anatamka maneno ya kumuozesha. Mzee aliyatamka naye, polepole, neno kwa neno, na mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka juu ya meza yangu ya kushonea, kiganja wazi. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Mkono ule ulibaki palepale mpaka shehe alipomaliza.