Ngoma ya Ubongo Wangu

Wasichana wa kwetu Kilosa huchezwa ngoma mara moja tu maishani. Ukivunja ungo unawekwa ndani, somo anakufunda, na siku ya kutolewa unakaa mkekani umeinamisha uso, humtazami mtu, husemi neno, huku wanawake wakikupigia vigelegele kana kwamba umefanya kazi kubwa. Mimi nimechezwa mara mbili. Mara ya pili ilikuwa ya ubongo.

Nieleze, msije mkadhani nimeanza tena.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu, nilipoacha kulala. Siku nne. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa na kazi: nilikuwa nahamisha mto. Mkondoa ulikuwa umeshatuingilia majumbani mara za kutosha, na wakubwa wote walikuwa wamekaa wakiutazama, basi nikaona shughuli hiyo inanihusu mimi. Nilijaza madaftari matatu kwa michoro. Nikamwamsha mama alfajiri kumweleza kwamba mto utapita nyuma ya reli, na tukifanya haraka nyumba yetu itakuwa bandari. Wiki mbili baadaye nililala nikiutazama ukuta, na sikutaka kuhamisha hata mguu wangu mwenyewe.

Majirani walikuwa na huruma sana, na kila huruma ilikuja na jina la ugonjwa. Malaria imempanda kichwani, alisema wa kwanza, ingawa nilikuwa nimepimwa na sina. Wa pili akasema ni jini, tena jini msomi, kwa kuwa michoro ilipigwa kwa rula. Mwalimu wangu alisema nimesoma kupita kiasi, jambo ambalo alama zangu hazikuwahi kulithibitisha. Baba mdogo alisema ni uvivu. Kwa baba mdogo kila kitu ni uvivu, hata mvua isiponyesha.

Mama alinizungusha kwa waganga watatu, ndipo akanipeleka hospitali. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo na subira kubwa. Akasema nina baipola: hisia hupanda kupita kiasi, kisha hushuka kupita kiasi. Mama akauliza yeye alikosea wapi. Daktari akamjibu hakuna aliyekosea. Akaeleza kwamba ubongo wa kijana haujamaliza kujengwa, hasa sehemu ya mbele, ile inayotushika mkono tusifanye mambo kwa pupa, na kwamba huendelea kukomaa mpaka kwenye miaka ishirini na tano hivi. Ugonjwa huu mara nyingi huanza wakati huohuo, ujenzi ukiwa unaendelea, ndiyo maana kijana anatakiwa atibiwe mapema, alale vizuri, na asiache dawa bila kumwona daktari. Alieleza na mengine mengi. Mama alitoka mle na kitu kimoja tu: ishirini na tano.

Mama ni mkulima, ana shamba la mahindi Rudewa. Kwake kitu ama kimekomaa ama bado, na ambacho bado unakipalilia na kukisubiri. Tangu siku ile nikawa shamba. Nililishwa mayai, nikalishwa mbegu za maboga, nikalishwa vichwa vya kambare, kwa sababu kichwa hujenga kichwa. Nilikula vichwa vingi hata nikawa naona haya kutazamana navyo sahanini.

Kupalilia kulikuwa kugumu zaidi ya kulishwa. Nikicheka, mwiko unasimama chunguni: umemeza dawa? Nikinyamaza: umemeza dawa? Niligundua kwamba nyumbani kwetu kipo kiwango cha furaha kinachoruhusiwa, nacho ni cha mtu anayesubiri basi. Hasira ndiyo sikuruhusiwa kabisa. Mtu mwenye baipola hana hasira, ana dalili.

Nilipofika miaka kumi na tisa nikapelekwa Mikumi kumsaidia mama mkubwa, ambaye anawapikia madereva wa malori pale barabarani. Nilikuwa mzima miezi mingi. Nikajiona nimepona, nikaona yale maneno ya daktari yaliwahusu wagonjwa, nami nikaacha dawa kimyakimya, kama mtu mzima mwenye akili zake. Haikuchukua muda nikaanza kugawa wali bure pamoja na hotuba. Madereva waliusifu wali. Kisha siku moja mchana niliacha mwiko ndani ya sufuria, nikashika barabara kuu kuelekea mbugani, kwa sababu tembo walikuwa na kikao na walikuwa wakinisubiri mimi nikifungue.

Mama mkubwa hakunikamata, wala hakupiga kelele. Alinifuata nyuma juani, malori yakipita, ameshika ndala zangu mkononi, mpaka nikachoka nikakaa chini. Akaziweka ndala mbele ya miguu yangu, akasema twende nyumbani. Hadi leo nikizikumbuka zile ndala naona aibu. Tembo siwaonei aibu hata kidogo, wala hawakutokea kikaoni.

Tangu hapo sijaacha dawa tena. Nilirudi Kilosa, nikawa nakwenda kliniki, na daktari akaniambia wazi kwamba huenda nikazihitaji kwa miaka mingi, na kwamba kuzipunguza au kuziacha ni jambo la kuamua pamoja naye. Mama sikumwambia. Kila mwaka alikuwa akisema imebaki michache, na uso wake ulikuwa ukichangamka akisema hivyo, nami nikaona nimwache afurahi. Hapo ndipo nilipokosea.

Asubuhi nilipotimiza miaka ishirini na tano niliamshwa na ngoma. Uani kulikuwa na sufuria mbili za pilau na wanawake waliotoka mpaka Rudewa. Nikatafuta dawa zangu pale ninapoziweka, sikuziona. Kabla sijauliza nikafungwa khanga mpya na kukalishwa mkekani. Somo alikuwa yuleyule wa zamani, sasa magoti yanamsumbua, akamuuliza mama safari hii anifunde nini. Mama akamjibu hakuna cha kufunda, ubongo umekomaa, tunamtoa tu. Somo hakubishana. Harufu ya pilau ilikuwa imeshamfikia.

Nikainamisha uso kama inavyotakiwa. Mama akasimama katikati, na pembeni mwa khanga yake nikaona fundo, nikajua dawa zangu ziko humo. Akawaambia wageni kwamba amesubiri miaka tisa, mtoto wake amemaliza kukua, na leo, mbele ya mashahidi, dawa zinakwenda chooni. Vigelegele vikapigwa. Mlango wa choo ulikuwa umeshafunguliwa kabisa, mama hupenda kujiandaa.

Niliogopa. Mwali hasemi. Nikisema, nimemvunjia mama heshima mbele ya watu aliowaalika mwenyewe. Nisiposema, ile barabara ya Mikumi naijua, na safari hii labda hapatakuwa na mtu nyuma yangu.

Nikainua uso.

"Mama," nikasema, "ubongo umekomaa. Umekomaa na ugonjwa wake. Nipe dawa zangu."

Ngoma ikakatika. Mwanamke mmoja akanong'ona kwamba mwali amesema. Mama akaja akachuchumaa mbele yangu, karibu sana, wengine wasisikie.

"Daktari alisema ishirini na tano."

"Alisema ubongo, mama. Dawa hakusema."

"Sasa mpaka lini?"

"Sijui."

Nimewahi kumwona mama akilitazama shamba lililochukuliwa na maji, mahindi yote, na hakutoa chozi. Siku ile alilia, kidogo tu, akajifuta kwa khanga ileile yenye fundo. Nilimhurumia kuliko nilivyowahi kujihurumia mimi. Kisha akalifungua fundo kwa meno, maana alikuwa amelikaza, akaagiza kikombe cha maji. Akaniwekea kidonge kiganjani, na kikombe akakishika yeye kwa mikono miwili.

"Kunywa," akasema. "Chakula kinapoa."

Nikanywa. Wageni, waliomwona mwali tu akinyweshwa maji na mama yake, wakadhani ndiyo mila yenyewe ya ngoma hii mpya, wakapiga vigelegele vikubwa kuliko vyote vya siku ile.