Uongo Aliokataa Papa Kanti

Asubuhi ile Papa Kanti, Mhindi mwenye duka jirani yetu, alikuwa amebeba tena mtego wake wa waya, panya mzima ndani, akienda kumwachia ng'ambo ya mto Lukuga. Nilimwambia huyo panya atarudi dukani kabla yake. Akacheka. Dini yake ya Kihindu ilimkataza kudhuru kiumbe chochote; kwao wanaita ahimsa. Nyama hali, nzi hapigi, uongo hasemi, kwa sababu uongo nao, alisema, unaumiza. Mtu mwema, lakini alinichosha!

Ulikuwa mwaka wa sitini na nne, mji wetu wa Kalemie, huku Kongo, bado ukiitwa Albertville. Kabla ya juma kwisha waasi waliingia mjini, wakawa wanasaka makarani, wakiwaita watu wa serikali. Mume wangu Yosefu alikuwa karani wa reli. Papa Kanti mwenyewe ndiye aliyetuficha dukani kwake, nyuma ya magunia ya chumvi.

"Papa, wakiuliza, sema tu karani haiko," nilimsihi.

"Siwezi, Mama. Nitanyamaza. Wanipige mpaka wachoke."

"Lakini ukinyamaza watajua iko!"

Akatikisa kichwa. Ningeweza kumng'ata.

Walikuja mchana. Nyumba ya jirani waliambiwa karani haiko, wakapita.

Wakafika dukani, wakamkuta Papa Kanti mlangoni.

"Karani iko humu?"

Kimya.

Kitako cha bunduki kikampiga. Tena. Tulimsikia akihema.

Neno moja tu, jamani! Moja!

Yosefu alinishika mkono, akauachia. Akatoka.

"Muache huyu Papa. Karani njo mimi."

Waliondoka naye kuelekea bandarini. Sikumwona tena, na kaburi lake silijui.

Papa Kanti walimvunja taya. Nilimlisha uji kwa kijiko, hasira zikinipanda kila kijiko. Alipoweza kusema, alilia kwanza.

"Mama, mwili wangu niliutoa. Sikufikiri Papa Yosefu atashindwa kuvumilia kusikia nikipigwa."

Hakufikiri! Mtu aliyewafikiria hata nzi.

Watu wanamsifu mpaka leo kwa msimamo wake, nami sibishi. Kupigwa alipigwa kweli, na kututaja hakututaja. Lakini Yosefu wangu, mla mbuzi kila Jumapili, asiyesoma hiyo ahimsa popote, naye alikataa mwenzake aumizwe kwa ajili yake. Wanaume wawili wema ndani ya duka moja, na mjane ni mimi.