Historia ya Ugonjwa kwa Kiingereza

Yaya wangu, kaka yangu mkubwa, alipofariki, ukoo uligundua kwamba mimi ndiye pekee mwenye Kiingereza. Habari hiyo ilinishtua mimi kuliko wao. Kiingereza chenyewe kilikuwa cha miezi michache, cha darasa la parokia, mchana, baada ya kufunga meza yangu ya vitenge sokoni. Nilikianza kwa sababu ya wafanyabiashara wa Kampala, ambao ukiwasemesha Kifaransa wanakutazama kana kwamba umewatukana. Nilijua kuuliza bei na kukataa bei. Kwenye kufa kwa mtu hatukuwa tumefika.

Kwetu Kisangani, siku ya kuondoa matanga, kabla watu hawajatawanyika, lazima mtu asimame aeleze historia ya ugonjwa. Aseme ulianza lini, mgonjwa alipelekwa wapi, nani alimbeba, alipewa dawa gani. Anasema mbele ya pande zote za ukoo, na akimaliza wanamuuliza maswali. Ndivyo tunavyozima maneno, maana kifo kisichosimuliwa huanza kujisimulia chenyewe, na hapo hakikosi mchawi. Tena msimulizi awe damu ya marehemu, na awe alikuwepo. Mtu wa nje habebeshwi mzigo huo, hata awe fundi wa lugha namna gani.

Yaya aliacha mtoto mmoja tu, binti. Mama yake alimchukua kabla hajaota meno ya pili, wakapitia Uganda, wakaishia Australia. Kifaransa hakukipata, na Kiswahili kilimdondoka njiani. Yeye na baba yake walikuwa wakizungumza kwenye simu kwa kuchekeana tu. Na sasa mtu mmoja wa mtaani, wenye ndimi ndefu hawakosekani, alikwisha kumtumia ujumbe kwamba baba yake alicheleweshwa nyumbani. Tonton, mdogo wake marehemu baba yetu na ndiye mkubwa wa ukoo, aliniita.

“Huyu mutoto akituwazia mubaya, nyumba ya yaya yako imefungwa,” alisema. “Donc wewe utamuelezea, na kwa Kiingereza yake.”

Nilitamani kumwambia Kiingereza changu ni cha kununulia vitenge. Sikusema. Nilikwenda kwa mwalimu.

Mwalimu wangu alikuwa kijana mpole aliyeokota Kiingereza chake Bafwasende, kwa wanunuzi wa dhahabu. Nilimweleza kisa chote. Asubuhi ya mvua yaya aliamka hawezi kusimama. Nikaita pikipiki, dereva akakaa mbele, yaya katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke, tukaenda polepole kwa sababu ya matope hadi hospitali. Jioni yake akafariki. Kwa Kiswahili kisa hakikuchukua hata muda wa kunywa chai.

Tulianza na vitenzi vya wakati uliopita, na hivyo havikunisumbua. Vingine hubadilika mwili mzima, kama mtu aliyerudi kutoka machimboni, hata mama yake hamtambui, lakini ukishavikariri umemaliza. Taabu ilikuja na yale maneno yanayosema jambo lilitendekaje, yakikutana na vile vijineno vya mahali. Mwalimu aliandika ubaoni: We went slowly to the hospital. Tulikwenda polepole, sawa. Akalihamisha lile slowly mbele ya kitenzi, akasema ni sawa pia. Akalipeleka mwisho kabisa, nyuma ya hospitali, akasema hata hapo linakaa. Nikamuuliza tofauti ni nini. Akasema inategemea ninataka kusikikaje. Mimi nilitaka kusikika kama mtu aliyefiwa, hilo hakuniambia linakaa wapi.

Basi nikajaribu mwenyewe: We took slowly him. Mwalimu akakunja uso kama aliyeuma jiwe kwenye wali. Hapana, akasema, hapo haliingii, huwezi kujipenyeza kati ya mkono na kinachobebwa. Nikamuuliza inakuwaje neno moja lina viti vitatu vya bure halafu linafukuzwa kwenye cha nne. Akacheka. Sikuwa nachekesha. Nilitoka pale kichwa kimevurugika, na nilipofika nyumbani nilitia chumvi kwenye chai.

Niliendelea kujifunza hivyohivyo, nikiosha vyombo, nikipima vitenge, nikisema peke yangu. Wateja walidhani msiba umenipanda kichwani. Huenda walikuwa sahihi. Kuna wakati nilikuwa nalia, halafu nikajikuta nimeacha kulia ili nikumbuke kitenzi.

Siku moja kabla ya kuondoa matanga, Tonton alikuja kunisikiliza. Alitaka kila sentensi nimrudishie kwa Kiswahili. Alitikisa kichwa kukubali mpaka tulipofika kwenye pikipiki.

“Ile polepole, toa.”

Nikamwambia ndivyo ilivyokuwa, tungekwenda mbio yaya angeanguka.

“Najua. Lakini yeye hakuona matope. Akisikia polepole, atasema ule mutu wa mutaani alisema kweli. Weka haraka.”

Nilirudi kwa mwalimu nikitumaini kwamba sarufi itanitetea. Haikunitetea. Neno la haraka, quickly, linakaa kwenye viti vilevile vya polepole. La kweli na la uongo, yote mawili yalipokelewa bila swali. Mwalimu alipoona uso wangu akanipa jingine, carefully, kwa uangalifu. Nikalipeleka kwa Tonton nikiwa na furaha.

“Uangalifu ni ileile polepole,” alisema, “imevaa tu kositime na tai.”

Kwa hiyo ikabaki haraka. Nilikasirika, lakini sikujua nimkasirikie nani. Tonton alikuwa analinda nyumba ya yaya. Mimi nilikuwa nalinda nini? Matope?

Asubuhi ya kuondoa matanga waliweka simu juu ya kreti la bia, imeegemezwa kwenye kopo la maziwa, na ukoo mzima ukajisogeza nyuma yangu. Kule kwao ilikuwa jioni. Binti alipotokea kwenye kioo nilisahau hata salamu, kwa sababu alikuwa na paji la uso la yaya, lilelile, na hakuna aliyenionya. Nikaanza. Nikasema mvua, nikasema alivyoshindwa kusimama, vitenzi vyangu vikanitii. Nilipofika kwenye pikipiki nikasema We took him, nikasimama. Haraka ilikuwa kinywani tayari. Haikutoka. Nyuma yangu nilimsikia Tonton akikohoa. Nikaruka nikasema hospitali, dawa, jioni, nikamaliza.

Tonton alinyoosha mgongo kama mtu aliyeko mahakamani. Akaniambia nimuulize binti kama ana swali.

“Was he afraid?” binti akauliza.

Kila neno nililijua, bado sikuelewa. Nilianza kutafuta ni hospitali gani anaisemea, ni saa gani. Tonton aliniuliza anatushitaki nini. Nikamwambia hatushitaki. Anauliza kama yaya aliogopa.

Swali hilo halimo kwenye historia ya ugonjwa. Sijawahi kulisikia kwenye matanga yoyote, na nimekaa mengi. Sisi huulizana nani na wapi. Binti huyu hakuyajua mambo yetu, hakujua kwamba tulikuwa tunajitetea. Maneno ya yule mtu wa mtaani, kama aliyasoma, hakuyaweka moyoni. Alitaka habari za baba yake tu. Niliona aibu na nikampenda, vyote kwa pamoja.

“He was afraid,” nikamjibu. Aliogopa. “I held him.”

Nilimshika. Sentensi hiyo haikuwa na mahali pa kukosea. Binti akafuta macho kwa kiganja, kisha akauliza neno moja tu: “How?”

Nilimshikaje. Mwalimu alisema maneno yale yote ni majibu ya swali hilo moja, na mimi nilikuwa nayo rundo, kwa nguvu, kwa upole, yakakimbia yote. Nikavuta kigoda mbele ya simu, nikamwambia Tonton akae. Akanitazama kama nimerukwa na akili, lakini alikaa. Nikakaa nyuma yake, nikapitisha mikono chini ya makwapa yake, nikafunga vidole kifuani, shavu langu mgongoni kwake, hivyohivyo kama siku ile. Wakwe wanatazama, watoto wanatazama, na mzee yule ambaye hata mkono wa salamu huutoa kwa kupima hakusogea. Kwenye simu kilio kilianza kidogokidogo. Niliusikia moyo wa Tonton unavyokwenda.

“Bon,” akasema, bila kugeuka. “Mwambie basi. Mwambie mulienda polepole.”

Nikamwambia. Na mpaka leo sijui lile neno nililiweka wapi.