Mlango Kati Yake na Dada

Tik.

Uzi ukikatwa kwa meno hutoa mlio mdogo hivyo tu. Msusi huyu alikuwa ameutoa maisha yake yote bila kuusikia, na sasa ndio anaoukumbuka kuliko kelele zote za mwaka ule, kuliko king'ora cha gari la wagonjwa, kuliko kipaza sauti kilichopita mtaani kikiwataka watu wakae majumbani.

Wateja walimwita Vidole. Alisuka mistari, akaishonea nywele za bandia juu yake kwa sindano na uzi, na kazi yake ilikaa kichwani hata ikasahaulika kwamba si nywele za mwenyewe. Mkasi alikuwa nao, umening'inia ukutani kama picha ya harusi. Nani angeuchukua? Mkono mmoja umebana nywele, wa pili umeshika sindano, basi kilichobaki ni meno. Huinama, shavu lake likagusa paji la uso la mteja, akauma uzi karibu na ngozi. Wasusi wote wa rika lake walifanya hivyo.

Saluni ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake: kiti kimoja, kioo chenye ufa pembeni, na benchi la wanaosubiri. Nusu ya waliokalia benchi hilo hawakuwa wakisubiri chochote ila maneno. Nyuma ya kiti kulikuwa na mlango wa mbao, na nyuma ya mlango, chumba alicholala na dada yake.

Dada ndiye aliyemlea. Wazazi walipofariki, aliacha shule akaenda kufagia kwenye kinu cha kusaga nafaka, akarudi kila jioni mweupe hadi kope, ili mdogo wake asome. Mdogo mwenyewe hakusoma sana. Darasani alimsuka aliyeketi mbele yake, na nyumbani akajifunzia kazi kwenye kichwa cha dada, ambaye kwa miaka mingi alikwenda kinuni na mistari iliyopinda kama njia ya mlevi, bila kulalamika. Mistari iliponyooka, dada hakukubali mkono mwingine umguse. Lakini unga wa kinuni ulikuwa umeshaingia kifuani mwake, ukakataa kutoka. Alivuta dawa kwa pampu ndogo ya buluu, na pampu hiyo ilinunuliwa kwa fedha ya saluni. Vichwa vya watu ndivyo vilivyompa dada pumzi.

Kisha ugonjwa wa kikohozi ukaingia, saluni zikafungwa.

Redioni waliongea asubuhi hadi jioni. Mmoja alisema afya kwanza, mwenzake akasema uchumi ukifa na watu watakufa, wakakatizana kwa heshima nyingi. Fundi viatu wa jirani aliwajibu kutoka upande wake wa ukuta.

"Umesikia, Vidole? Tufunge tufe njaa, au tufungue tufe kwa kikohozi. Wametuletea menyu!"

"Wewe utakufa kwa domo, fundi."

"Hilo halijapigwa marufuku bado."

Msusi alicheka, lakini akiingia ndani kicheko kilibaki mlangoni. Wale wa redioni walitaja afya na uchumi kana kwamba ni watu wawili wanaokaa nyumba mbalimbali. Kwake vyote viwili vilikaa katika kifua kimoja. Mgeni akiingia na pumzi mbaya, kifua hicho hakitastahimili. Asipoingia mtu, hakuna pampu, nacho hakitastahimili vilevile.

Mwanzoni walijikaza. Alimsuka dada akafumua, akamsuka tena, ili vidole visisahau. Halafu pampu ikaanza kuwa nyepesi. Dada aliitikisa karibu na sikio.

"Bado ina maneno mawili matatu," alisema.

"Usicheke, dada. Unajichosha."

"Nisicheke, nisitoke, nisikohoe. Sema tu nife nipate kazi ya kufanya."

Juma lile karani wa benki alipiga simu. Alikuwa mteja wa siku nyingi, msichana mwenye haraka.

"Vidole, mama, naomba unisaidie. Benki haijafungwa. Nakaa dirishani na kichwa kama kiota."

"Saluni imefungwa, mwanangu."

"Saluni sawa. Na vidole navyo vimefungwa?"

Dada alikuwa amekwisha kusema: usilete mtu humu. Msusi aligeukia mlango wa mbao, simu sikioni. Nyuma ya mlango alimsikia dada akivuta hewa, ikipita kwa filimbi nyembamba, kama upepo unaotafuta tundu.

"Njoo mchana," akasema. "Usibishe hodi. Sukuma tu."

Karani alikuja dada akiwa amejilaza. Wote wawili walivaa barakoa. Msusi alifunga dirisha na kushusha pazia, mtaa usione, na chumba kikawa na joto la pumzi zao. Walinong'ona kama wezi. Vidole vilikimbia vyenyewe, vimefurahi kama farasi aliyetolewa zizini, naye akafurahi navyo. Kwa muda ule alisahau kila kitu. Alikuwa msusi tena, na mbele yake kulikuwa na kichwa cha mtu.

Alipofunga fundo la mwisho, karani alimtazama kwenye kioo.

"Mama, barakoa yako iko kidevuni."

Aliigusa. Kweli. Hakujua iliteremshwa lini. Alishona kichwa kizima, na kwa kila fundo alikuwa ameinama na kuuma uzi, shavu kwa paji la uso, hewa yake na ya msichana zikichanganyika. Meno yalifanya yale yaliyoyazoea. Hakuna aliyeyatangazia marufuku.

Karani alilipa, akajitazama mara mbili, akaondoka mzuri. Msusi alikwenda duka la dawa, akarudi na pampu, akaiosha kwa sabuni, akaiweka chini mbele ya mlango wa mbao. Aligonga, kisha akarudi nyuma hadi ukutani.

Mlango ulifunguka kidogo, mkono wa dada ukaichukua.

"We mtoto, mbona umesimama kama askari? Ingia tule."

"Nitakula huku."

"Umekasirika?"

"Hapana. Funga mlango, dada."

Mlango ukafungwa, na sauti ikapita kwenye mbao. "Ulimsuka nani?"

Msusi alishika ufagio.

"Nilikuwa macho. Nilisikia mnanong'ona, nikajua hapo pana kichwa. Na barakoa je?"

"Iliteremka kidevuni."

Dada alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikanyamazishwa na pampu mpya. "Basi tushukuru," alisema alipoweza. "Kidevu chako hakitaugua."

Usiku msusi alilala kwenye benchi la wanaosubiri, miguu ikining'inia. Uani walipokezana: dada akimaliza kufua hugonga ndoo, naye hungoja kidogo ndipo azunguke nje apite, akikuta kamba ya nguo bado inatikisika. Miaka yote waliyokaa pamoja, hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuwa na hamu na mwenzake kwa kuona kamba tu.

Siku chache baadaye karani alipiga simu, sauti yake imekauka. Alikuwa na homa. Alilia, akaomba radhi, na msusi akambembeleza hadi akalala bila kukata simu. Baadaye alipona. Lakini kabla hajapona, chai ya msusi ikawa maji ya moto tu, bila ladha, na mifupa ikamuuma kama imepigwa. Dada alimwekea sahani nje ya dirisha, akagonga kioo, akasogea mbali. Walitazamana kupitia kioo, wakachekana kwa barakoa zao. Dada alikuwa amejifunga kitambaa, kwa kuwa mistari yake ilikuwa imefumuka na hakutaka kuonekana.

Homa ilipita. Dada hakuugua. Msusi aliwaza hilo mara nyingi akiwa amelala kwenye benchi: jioni ile, lau karani asingeiona barakoa, angeingia kula, kama alivyoingia kila jioni ya maisha yao. Alikuwa na njaa, na sahani zilikuwa tayari.

Ndipo likaja tangazo la kufungua. Mtaa ulipiga vigelegele. Fundi viatu aligonga nyundo yake kwenye bati hadi watoto wakatoka kumtazama.

"Vidole! Uchumi umefufuka! Mwambie dada yako atoke tuucheze!"

Benchi lilijaa siku hiyohiyo. Wanawake waliingia na nywele za miezi, wengine barakoa puani, wengine mkononi, mmoja ameivaa shingoni kama mkufu. Walikuja na habari za misiba na vicheko vilivyochelewa. Alifungua dirisha, akashusha mkasi ukutani, akaufunga kwa kamba kwenye kifundo cha mkono. Kila alipohisi kichwa chake kinainama, aliunyoosha mgongo. Alipata fedha ya pampu, na ya pampu nyingine ya akiba.

Nazo pumzi alizipata, za watu wote wale, siku nzima, katika chumba kimoja. Redio ilikuwa imefungua maduka, lakini ugonjwa ulikuwa haujaondoka, na kifua cha dada hakuna aliyekitaja. Akifunga saluni atamrudia dada, na dawa itakwisha. Akiifungua, dawa ipo, ila ataipeleka hadi mlangoni tu. Hakuna wa kumpimia hilo. Alilipima mwenyewe akifagia nywele zilizoanguka, akazikusanya, akazitupa, akaosha mikono hadi viwiko, akaketi kwenye benchi tupu.

Nyuma ya mbao alisikia kandambili za dada.

"Wameondoka?"

"Wameondoka."

"Mtaa mzima uko wazi. Nimebaki mimi tu. Nywele zimejifunga mafundo. Nimejaribu mwenyewe, mkono haufiki nyuma. Nimeketi hapa, nimeshika kitana."

Msusi alisimama. Vidole vyake vilijikunja na kukunjuka pembeni mwa gauni. Alikifahamu kisogo kile kuliko uso wake mwenyewe: kovu dogo juu ya sikio, ngozi laini pale mistari inapoanzia.

"We mtoto, upo?"

"Nipo."

"Basi nakuja mimi."

Komeo lilisogea. Msusi alifika mlangoni kwa hatua moja, akaweka kiganja juu ya mbao, akaegemea kwa uzito wake wote, na akasema kwa sauti ndogo mno, kama anayembembeleza mgonjwa:

"Usifungue, dada."