Nani Atamwitikia Hosea

Odessa Pruitt alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano siku vijana saba walipojifungia katika chumba cha kulia cha mama yake, aliyekuwa akipangisha wanafunzi wa chuo cha watu weusi pale Tarrow, Alabama. Yeye alibaki nyuma ya mlango wa jikoni na sinia mkononi. Aliwasikia wakisimama kula kiapo, kisha viti vikilia kimoja kimoja walipoketi. Hivyo ndivyo udugu wao ulivyozaliwa, katika harufu ya kunde na mkate wa mahindi.

Aliolewa na mmoja wao, Hosea, aliyekosa karo akaacha masomo na kuwa mgawa barua. Wenzake walikuwa madaktari na wachungaji, lakini penye shida aliitwa Hosea. Royal Tate alipougua kifua kikuu, hata mkewe akawa anamwachia chakula mlangoni, Hosea aliingia akamlisha kwa kijiko hadi mwisho.

"Tuliapa kuwa ndugu," alimwambia Odessa, aliyekuwa akilia kwa hofu. "Hatukusema ndugu akiwa mzima tu."

Kila mwaka, Siku ya Waasisi, majina ya wale saba yaliitwa mbele ya viti vile vile, na aliyekufa aliitikiwa na mwasisi mwenzake aliye hai. Waliondoka mmoja mmoja, mpaka Hosea akabaki peke yake, akiwaitikia sita. Mwaka huu, hospitalini, alimshika Odessa mkono.

"Na mimi, Dessa? Nani ataniitikia?"

Alikata roho kabla hajajibiwa.

Siku ya Waasisi ilipofika, mvua ilikuwa ikinyesha. Nyumba ile ya mama yake ilikuwa mali ya udugu kwa miaka mingi sasa, lakini jikoni alipika Odessa, kama kawaida.

"Bi Odessa, mkague Gaither mifukoni," kijana mmoja alisema. "Ameficha pai mbili."

"Mwongo huyo! Moja tu," alijibu Lamont Gaither, mwenyekiti wao, makombo yakiwa bado mdomoni.

"Lamont," Odessa alimwita. "Leo nani ataitikia?"

Tabasamu likamfifia. "Hakuna, Bi. Anayeruhusiwa ni mwasisi, na waasisi wameisha. Tutanyamaza kidogo kwa kila jina."

"Mtamwita Hosea, halafu mnyamaze?"

"Ni kwa heshima, Bi."

"Mume wangu hakuogopa kufa. Aliogopa kimya hicho."

"Sheria waliiandika wenyewe," kijana alisema kwa upole, akaenda.

Mlango ukafungwa. Mwanamke hakuruhusiwa kuingia wakati wa kuita majina. Odessa akachukua sinia ya kuku, akasimama pale pale alipowahi kusimama akiwa msichana.

"Elijah Bascombe," Lamont aliita.

"Yupo."

Haikuwa sauti ya kijana. Ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo kidogo, sauti iliyomwita Odessa kutoka barazani miaka yote ya ndoa yao. Akasogeza sikio mlangoni.

"Nani anafanya mzaha?" mtu alinong'ona. Hakuna aliyecheka.

Lamont aliita la pili. "Yupo." Akaita Royal Tate, na hapa sauti ikalainika, kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa. "Yupo." Baridi ikapita chini ya mlango, ikamgusa Odessa miguuni. Wote sita waliitikiwa.

"Hosea Pruitt."

Kimya. Mvua tu juu ya paa.

"Hosea Pruitt," Lamont alirudia, sasa kama anayesihi.

Odessa akaelewa. Aliyewaitikia wenzake wote hawezi kujiitikia mwenyewe. Aliweka sinia chini, akasukuma mlango. Vijana wenye suti nyeusi wakamgeukia, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

"Yupo," alisema.

Ndipo viti vilipoanza kulia. Kimoja, kikafuata kingine, vyote saba vilivyopangwa ukutani bila mtu, vikilia kama wanapoketi watu wazima waliosimama muda mrefu.

"Bi Odessa," Lamont aliuliza, "hao ni nani?"

Odessa alijifuta macho kwa aproni. "Si umewaita mwenyewe sasa hivi? Haya, ombeni. Chakula kinapoa."