Harufu Isiyofika Dawati la Mbele

Mimi si mtu wa kufundisha molekuli kwa chaki. Ukiandika ubaoni kwamba vitu vyote vimeundwa kwa chembe zisizoonekana, watoto wa gredi ya sita watakuitikia "ndiyo, mwalimu" huku wanafikiria mabuyu yanayouzwa langoni. Kwa hivyo kila mwaka huja na chetezo changu cha nyumbani, nikafunga madirisha, nikatia udi kwenye makaa mbele ya darasa na kuwaambia: harufu ikikufikia, inua mkono. Mikono huanzia dawati la mbele ikaenda nyuma safu kwa safu, na hapo mtoto hujionea mwenyewe kwamba molekuli zinatembea.

Mwaka huu mikono ilianzia safu ya pili. Mbele, karibu kabisa na chetezo, msichana mmoja hakuinua, akawa akigeukageuka kutazama wenzake. Alipoona hata wa nyuma wameinua, naye akainua. Wakamcheka. Niliwakaripia, nikidhani amepitiwa tu.

Siku ya pili nilileta kipande cha papa mkavu ndani ya kopo. Nilipolifungua, darasa zima likaziba pua, na mmoja akaniuliza kama nimekuja kuwaua. Msichana yule naye aliziba pua, lakini baada ya wengine. Walipotoka nikambakisha, nikamfunga macho kwa mtandio wangu, nikamwekea papa chini ya pua na kumuuliza anasikia harufu gani.

"Udi, mwalimu. Wanukia."

 Nikamuuliza hali hii ya kutosikia harufu imeanza lini, akasema ni hivyo tangu ajijue. Kisha akaanza kulia. "Tafadhali mwalimu, usimwambie mama."

Mamake hupika udi wa maharusi kwa sukari na manukato, na mtaani kwao Ganjoni wanamjua kwa kazi hiyo. Husema wazi kwamba ufundi wake atamwachia binti huyu, ndiye mtoto wake pekee. Lakini hilo silo lililoninyima raha. Mama hushinda marikiti akiuza, na mtoto akitoka shule hupasha chakula peke yake kwa jiko la gesi, ghorofa ya tatu, madirisha yamefungwa ili upepo usichukue manukato. Gesi ikivuja mtu mwingine atakimbia. Yeye atawasha kiberiti. Niliogopa, na mimi woga wangu hutoka kwa hasira. Nikamwambia nitasema, alie asilie.

Jioni, mama aliporudi kutoka marikiti, nikapiga hodi kwao. Tulisalimiana vizuri, nikakaribishwa kahawa, nikaeleza kilichonileta. Mama akabadilika uso.

"Mwalimu, usimtie mwanangu ila. Huyu ndiye aninusiaye kila udi nikiupika. Hajakosea hata siku moja."

"Basi mjaribu," nikasema, na sikusema kwa upole.

Akanitazama kidogo, akavuta chetezo, akapuliza makaa. Akafungua kopo la udi, akalifunga tena kwa kishindo kama afanyavyo kila siku, lakini hakutia kitu. Binti alikuwa jikoni akiosha vikombe, pazia likiwa kati yetu.

"Mwanangu, huu wa leo waonaje?"

"Mashallah, mama," akajibu kutoka kule kule. "Huu umeupita wa jana."

Mama akaliweka kopo chini. Aliketi mkekani akiyatazama yale makaa matupu, na mimi nikatamani ningekuwa nimekosea. Mtoto, kwa kuona kimya, akatoka na mikono yenye povu, akachungulia ndani ya chetezo. Akajua.

"Kwa nini hukuniambia?" mama akamuuliza.

"Ukiniuliza habari ya udi huwa umefurahi," akasema. "Ningesema sisikii, ungeacha kuniuliza."

Mama akamvuta akamkumbatia, povu likamlowesha buibui. Uso wake ulikuwa kwangu, juu ya bega la mtoto.

"Haya, mwalimu, nimeona," akasema. "Sasa mimi nitakuwa namuuliza nini?"

 Nilimweleza mambo ya gesi, kwamba mtoto asiwashe jiko akiwa peke yake na mtungi ufungwe kila asubuhi, naye akaitikia tu. Nilishuka ngazi zile nikiwa na hasira, na sikujua nimemkasirikia nani.