Kopo la Midomo la Ottilia

Ottilia wa hapa Lipingo alinitengenezea midomo kopo zima, na tangu mwaka ule sijanywa hata maji kwake.

Ni binti wa marehemu Nazari, mvuvi. Alimaliza darasa la saba akakaa kushona nyavu, na mkono huo wa nyavu akaupeleka kwenye midoli. Anasokota waya iwe mifupa, anaivisha sponji ya godoro bovu, kichwa anafinyanga. Halafu anasogeza mguu kidogo, anapiga picha kwa simu, anasogeza tena, anapiga. Siku inaisha, mdoli ndiyo kwanza umefika mlangoni, na usipa, dagaa wetu wa ziwani, umeungua jikoni. Mume alimkimbia kwa hayo hayo. Simlaumu.

Akiziunganisha hizo picha, mdoli unatembea. Ukitakiwa kuongea, anabandua mdomo huu, anabandika ule. Midoli mingine aliipa midomo miwili, wa kufumba na wa kufumbua. Wa kwangu, kopo.

Sikukuu ya mavuno mwaka ule akatundika shuka uwanja wa kanisa, akaonyesha sinema yake hapo. Naangalia, kibibi kinachechemea kama mimi, kimefunga kilemba changu cha njano, kinabwata, kinamfukuza mkwe wake na mzigo. Watu hoi kwa kucheka.

"Mama Victor, si wewe huyo!"

Wote waliamini nimemfukuza Gaudiosa, mke wa mwanangu. Kumbe Victor alikuwa anampiga kwa mkanda wa suruali. Alfajiri moja nikambebea mzigo mwenyewe mpaka stendi, nikampandisha basi arudi kwao Kigonsera. Nikanyamaza, maana Victor nimemzaa mimi. Lakini tangu sinema ile sikutulia. Nikikaa nainuka. Naenda ziwani kuosha masufuria, narudi nayo machafu. Watoto wakicheka huko njiani, nageuka.

Mwaka jana Gaudiosa akashuka kunisalimia. Watoto wakamwonyesha sinema kwenye simu. Akanyanyuka hapo hapo kwenda kwa Ottilia, mimi nyuma.

"Wewe dada, nani kakwambia mama alinifukuza?"

"Si watu wote wanajua!"

"Hao watu walikuwepo? Mimi ningetolewa mle ndani maiti. Mama ndiye aliyenitoa."

Ottilia akanigeukia, akapiga magoti. "Shikamoo, Mama Victor. Nisamehe."

"Shikamoo yako kaa nayo. Itengeneze upya, uionyeshe pale pale."

"Na Victor nimweke?"

Nikazunguka uani kwake, nikarudi.

"Mweke. Na mkanda wake."

Mavuno yaliyofuata tukakaa mkekani, mimi na Gaudiosa, karibu na shuka. Mdoli wa Victor ukainua mkanda. Kibibi kikajitwika mzigo, kikamshika mkwe mkono, kikapanda naye mpaka stendi. Hakuna aliyecheka. Wavuvi wakaanza kugeuka, mmoja mmoja, kumwangalia Victor aliyekaa nyuma. Akainuka, akaja mpaka mbele yangu.

"Mama, umenimaliza."

"Pita," nikamwambia, "unawaziba watu."